Mgeni Aliyezaliwa Tolliver

Luella Stroud alizaliwa Tolliver, jimboni Illinois, katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya posta, na mpaka anatimiza miaka thelathini na mitatu alikuwa hajalala nje ya jimbo hilo hata siku moja. Baba yake alipigana vita vya Kaskazini na Kusini akarudi na risasi iliyokaa nyongani mpaka siku ya kuzikwa. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kujiuliza wao ni watu wa wapi. Lingekuwa swali la ajabu, kama kumuuliza mtu pua yake ameipata kwa nani.

Kazi yake ilikuwa simu. Swichibodi ya mji mzima, ule ubao mrefu wenye matundu na nyaya za kuunganishia watu, ilikuwa imefungwa sebuleni kwake karibu na dirisha, na yeye alikaa mbele yake tangu asubuhi na kipaza sauti kifuani. Ulikuwa ukiinua simu unamsikia akisema "Nambari?" lakini nambari yenyewe watu wachache waliitaja.

"Lu, nipatie daktari."

"Daktari hayupo kwake, yuko kwa akina Haskell. Mtoto ameanguka kutoka darini. Ngoja nikupeleke huko huko."

Alijua nani amenuniana na nani, nani anamtafuta mumewe kila Jumamosi, na mke wa nani anapiga simu kwa mama yake akilia. Yote hayo aliyasikia, na hakuna aliyewahi kumsikia akiyarudia. Kwa hilo mji ulimheshimu.

Mwaka 1908 aliolewa na Anselm Kettler, fundi wa matandiko ya farasi. Anselm alitoka Ujerumani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono inayonuka ngozi na nta, na kasoro yake ilikuwa moja tu: alikuwa mtu wa kesho. Hatamu ya farasi wako ungeipata siku aliyokuahidi, saa aliyokuahidi. Mambo yake mwenyewe ndiyo yaliyongoja. Alipofika Marekani aliandikisha hati ya kwanza, ile ya kutangaza nia ya kuwa raia. Hati ya pili ilihitaji mashahidi wawili na safari ya kwenda mahakama ya wilaya, na kila alipoikumbuka kulikuwa na tandiko linalosubiri kushonwa.

"Kesho kutwa, Lu," alikuwa akisema, na Luella alikuwa akicheka.

Jambo ambalo hakuna aliyewaambia ni kwamba mwaka mmoja kabla ya harusi yao Bunge lilikuwa limepitisha sheria. Mwanamume Mmarekani akioa mgeni, mke anakuwa Mmarekani. Mwanamke Mmarekani akiolewa na mgeni, anakuwa mtu wa nchi ya mumewe. Basi Luella aliingia kanisani akiwa Mmarekani, akatoka Mjerumani, na watu wakamrushia mchele. Aliishi hivyo miaka sita bila kujua.

Alijua mwezi wa Aprili mwaka 1914. Wanawake wa Illinois walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura katika baadhi ya chaguzi, na Tolliver ilikuwa inaamua kama vilabu vya pombe vifungwe au viachwe. Luella alimwomba binamu yake ashike swichibodi kwa nusu saa. Akavaa kofia yake ya Pasaka, akaenda ukumbi wa mji, akapanga foleni.

"Jina?" karani akauliza, ingawa asubuhi hiyo hiyo alikuwa amezungumza naye kwenye simu mara mbili.

"Luella Kettler."

"Napinga," sauti ikasema.

Alikuwa Bwana Peebles, mwenye maghala ya mahindi karibu na reli. Alikuwa amekaa pembeni na kitabu cha sheria magotini, mahali pakiwa pamewekwa alama kwa kijiti cha kiberiti.

"Unapinga nini, Bwana Peebles?"

"Mumeo Mjerumani, Bibi Kettler. Hajawa raia."

"Sikuja na mume wangu. Nimekuja mimi."

"Ndiyo tatizo lenyewe," Peebles alisema, tena bila ukali, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu. "Kisheria hakuna wewe. Kuna mke wa Kettler."

Wakamsomea kifungu. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kutazama viatu vyao. Luella akauliza kama wanaweza kumsomea tena, wakamsomea tena, na maneno yakawa yale yale.

Peebles alikuwa upande wa kufunga vilabu, na aliamini mke wa Mjerumani hawezi kupiga kura ila ya bia. Hakujua kwamba Luella alikuwa amekwenda kupiga kura ya kufunga. Ni yeye aliyekuwa akiunganisha simu za wale wake wa Jumamosi, na kila wiki alisikia sahani zikivunjika upande wa pili wa waya. Upande wa Peebles ulishindwa kwa kura nne. Kwa muda wa mwezi mzima Peebles alilalamika kwenye simu, leo kwa mchungaji, kesho kwa mhariri wa gazeti, na Luella ndiye aliyemuunganisha.

Jioni ya siku ile ya kura Anselm alirudi akakuta supu imewekwa mezani na mkewe amesimama.

"Kaa ule," Anselm alisema.

"Nikae kwa ruhusa ya nani? Ya Kaisari wa Ujerumani?"

"Kaisari gani tena, mama Thea?"

"Kaisari wako, ambaye leo nimeambiwa ni wangu. Nimeambiwa mimi si mtu wa hapa. Mimi! Kaburi la baba yangu liko mtaa wa pili, na bendera imechomekwa juu yake. Na yote kwa sababu wewe una tandiko la kushona."

Anselm hakugusa supu. Asubuhi yake alifunga karakana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akapanda treni kwenda wilayani. Huko wakamwambia hati yake ya kwanza imekwisha nguvu. Ilikuwa na uhai wa miaka saba, na miaka saba ilikuwa imepita tangu vuli iliyotangulia. Aanze upya, angoje miaka miwili. Akaanza upya. Akangoja. Safari hii hakukawia, maana mkewe alikuwa akihesabu miezi kwa sauti. Mwanzoni mwa mwaka 1917 alipeleka ombi la pili akapangiwa kufika mbele ya jaji mwezi wa Mei. Mwezi wa Aprili Marekani ikaingia vitani na Ujerumani. Jaji akayaweka kando maombi yote ya Wajerumani mpaka vita viishe.

Ikawa hivyo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, nao wako ndani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, serikali iliamuru wanawake wote walio raia wa nchi adui wajiandikishe. Katika miji midogo waandikishaji walikuwa wakuu wa posta. Mkuu wa posta wa Tolliver alikuwa Orval Stroud, kaka yake Luella, aliyemzidi miaka sita.

Orval alikuja nyumbani kwake siku moja kabla. Alikaa jikoni bila kuvua kofia.

"Lu, nimeletewa fomu."

"Nimesoma gazetini."

"Unaweza kuja jioni, nikishafunga. Utapitia mlango wa nyuma. Hakuna atakayekuona."

"Fomu yenyewe inaitwaje, kaka?"

Orval alitazama dirishani. "Ya mgeni adui wa kike."

"Basi nitakuja asubuhi."

Akaenda asubuhi, saa ambayo treni ya barua ilikuwa imefika na watu wamejaa. Akaweka juu ya meza picha zake nne kama tangazo lilivyotaka. Mtu angeweza kusikia kalamu ikichovywa. Orval alianza na urefu, akaja uzito, akaja rangi ya macho, na hapo hakuinua kichwa, aliandika tu: kijivu. Yake mwenyewe yalikuwa ya kijivu vile vile.

"Tarehe uliyoingia Marekani?"

"Andika siku niliyozaliwa."

"Lu..."

"Iandike. Ni tarehe kumi na moja Februari. Kulikuwa na theluji, ukatumwa kumwita mkunga ukaanguka mtaroni."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akanyamaza.

"Jina la meli uliyokuja nayo?"

"Mama."

Orval aliweka kistari. Akageuza ukurasa. "Una ndugu yeyote wa kiume anayepigana katika vita hivi, upande wowote?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Mwanao."

Kalamu ikasimama. Dwight Stroud, miaka kumi na tisa, alikuwa Ufaransa tangu mwezi wa Machi, na barua yake ya mwisho ilikuwa na wiki tano. Orval akaliandika jina la mwanawe kwenye fomu ya mgeni adui, polepole, herufi moja moja. Kisha akafungua kisahani cha wino. Akaushika mkono wa dada yake, akachukua kidole gumba, akakibiringisha kwenye wino na kukikandamiza kwenye karatasi, akaja cha pili, cha tatu, mpaka vyote kumi. Alama ya kidole kimoja ilitoka imekwaruzika ikabidi arudie.

"Nisamehe," alisema chinichini.

"Shika sawasawa tu, tumalize."

Akampa kadi yenye picha. Atembee nayo kila aendako. Asihame, asilale nje ya mji bila kibali, asikaribie bandari wala ghala la silaha. Luella alikuwa hajaona bandari maishani mwake.

Nyumbani, Thea, binti yake wa miaka tisa, aliigeuza geuza ile kadi. "Kwa hiyo mimi peke yangu humu ndani ndiye Mmarekani?"

"Wewe peke yako," Anselm alisema.

"Na paka?"

"Paka amezaliwa hapa."

"Mama pia."

"Paka hajaolewa," Luella akasema, na wote watatu wakacheka kwa muda mrefu, kicheko kisichokuwa na raha ndani yake.

Baada ya wiki tatu Peebles alikuja na wanaume wawili wa kampuni ya simu. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya wilaya na alivaa beji kwenye koti.

"Hatusemi kwamba wewe ni jasusi, Bibi Kettler."

"Mnasema nini, basi?"

"Tunasema simu za mji haziwezi kupita kwenye nyumba ya Mjerumani. Mtu anaweza kusikiliza hapa."

"Anayesikiliza hapa ni mimi. Miaka kumi na tatu. Nimesikia na yako mengi, Bwana Peebles."

Uso wa Peebles ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akawaashiria wale wanaume waendelee. Wakafungua skrubu, wakakata nyaya, wakaibeba swichibodi kama wanavyobeba jeneza, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Ukutani pakabaki matundu. Anselm aliyaziba kwa vipande vya ngozi, lakini upepo ukivuma kutoka mashambani ulipita hapo hapo.

Swichibodi ikapelekwa kwa Delphine Oakes, msichana wa mtaa wa juu ambaye hakuwahi kuugusa waya. Kwa muda wa wiki kadhaa hakuna aliyempata amtakaye. Mchungaji aliunganishwa na muuza nguruwe, na mtu aliyetaka jeneza alipewa duka la keki. Wanawake walikuwa wakipita kwa Luella na kumuuliza kwenye ngazi, kwa kunong'ona, "Shoga, nambari ya dada yangu ilikuwa ngapi?" Aliwajibu. Kisha wakaharakisha kuondoka kabla hawajaonekana.

Kwa Luella mwenyewe siku zikawa ndefu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka wenyewe kutafuta waya ambao haupo. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakifuma soksi za askari walimtumia uzi afumie nyumbani, wakisema ni kwa ajili ya kumpunguzia usumbufu. Dukani, kabichi ya kuchachusha ambayo mji mzima ulikuwa ukiila tangu zamani ilikuwa imevuliwa jina lake la Kijerumani na kubandikwa jipya: kabichi ya uhuru.

"Nipe robo ya uhuru," Luella alimwambia muuzaji.

"Unasemaje?"

"Hiyo ya kwenye pipa. Nami nionje."

Muuzaji alimpimia bila kutabasamu. Luella aliibeba nyumbani akaimwaga kwenye sufuria, akasimama juu yake mpaka ikaanza kuungua.

Mwezi wa Agosti Orval alikuja tena. Safari hii alivua kofia.

"Nimesoma sheria yote mwenyewe," alisema. "Kuna njia moja. Ndoa ikivunjika, unarudi kuwa Mmarekani. Unaishi hapa hapa, unakuwa raia hapa hapa. Swichibodi wanaweza kukurudishia."

"Niachike."

"Kwa karatasi tu, Lu. Vita vikiisha mnaoana tena."

"Na nikiolewa naye tena nakuwa nini?"

Orval hakuwa amefika huko katika mawazo yake.

Luella hakumwambia Anselm. Lakini aliibeba fikra ile siku nyingi, na ilimtia aibu kwamba haikuwa nzito. Alipokuwa akiosha vyombo aliiwaza. Alimtazama mumewe akila akawaza: ilitosha mwanamume huyu apande treni mara moja tu, siku moja tu katika miaka saba. Kisha Jumapili moja, wamekaa kwenye ngazi za nyuma wakimenya tufaha, Anselm ndiye aliyesema.

"Nilikwenda kwa wakili."

Kisu cha Luella kikasimama.

"Anasema ukiniacha, mambo yako yananyooka. Nitahamia karakana, kuna nafasi ya kitanda. Thea atakaa nawe. Nimemuuliza yote, mpaka itachukua muda gani."

"Safari hii hukusema kesho."

"Hapana," Anselm alisema. "Safari hii nilikwenda siku ile ile niliyofikiri."

Luella alimenya tufaha lile mpaka mwisho, ganda likatoka refu, moja, bila kukatika. Alikuwa na hasira naye, na hasira ile haikuondoka siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini ndani yake palikuwa na kitu kingine kigumu zaidi.

"Serikali ilinibadilisha kwa ndoa bila kuniuliza," alisema. "Sitaipa na talaka yangu. Hilo la kuondoka, baba Thea, nikitaka nitaondoka kwa sababu zangu, na ninazo. Si kwa sababu zao."

Mwezi wa Oktoba homa ya mafua ikaingia Tolliver. Ndani ya wiki moja shule ikafungwa, kanisa likafungwa, na seremala akaacha kazi zote nyingine akawa anatengeneza majeneza tu. Delphine Oakes alilala na homa, na mama yake naye akalala. Swichibodi ikabaki bila mtu, taa zake zikiwaka na kuzima, daktari hapatikani, watu wanakimbia barabarani kumtafuta nyumba kwa nyumba.

Peebles alikuja kwa miguu, bila beji.

"Mke wangu hapumui vizuri," alisema. "Nimempigia daktari simu tangu alfajiri. Hakuna anayeitika."

Luella alimtazama. Maneno yote aliyokuwa ameyatunga miezi mitatu usiku na mchana, maneno mazuri, makali, hayakuja hata moja. Alivua aproni akachukua kadi yake.

Alikaa kwenye swichibodi sebuleni kwa akina Oakes siku kumi na moja. Alifunga kitambaa puani, akala alichoachiwa na Thea mlangoni. Kwa kusikiliza tu alijua daktari yuko nyumba gani na atoke aende wapi, nani ana maziwa, nani ana mtoto aliyebaki peke yake na maiti. Alimpata daktari wa Bibi Peebles kwenye nyumba ya tatu aliyojaribu. Bibi Peebles alipona. Siku zile watu walisema "Mungu akubariki, Lu" kabla hata ya kutaja wanamtaka nani, na Luella, nasema kweli, alikuwa na furaha. Watu walikuwa wanakufa, naye alikuwa na furaha, na baadaye hakujisamehe kabisa kwa hilo.

Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya kampuni. Imeripotiwa kwamba mgeni adui ameingia na kutumia mitambo ya simu bila idhini. Aondoke mara moja. Akirudi, taarifa itapelekwa serikalini.

Luella alikwenda moja kwa moja maghalani kwa Peebles, barua mkononi.

"Waandikie kwamba uliniomba wewe."

Peebles aliisoma barua, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Nilikuja kukwambia mke wangu ni mgonjwa," alisema. "Kumbuka vizuri, Bibi Kettler. Sikutamka neno swichibodi."

Na kweli, hakuwa amelitamka.

Vita viliisha Novemba. Wakati wa Krismasi ilitangazwa kwamba masharti ya wageni adui yameondolewa, na Luella akaitia kadi jikoni motoni. Dwight alirudi mzima, ila sikio moja. Swichibodi haikurudi, Delphine alikuwa ameshazoea na alikuwa ameajiriwa rasmi. Mwaka 1920 wanawake wa Marekani nzima walipata haki ya kupiga kura. Tolliver ikapiga kengele, na siku ya uchaguzi mkuu foleni ya wanawake ilifika mpaka kwenye mlango wa benki. Luella alikaa nyumbani akikanda unga. Aliukanda mpaka ukawa mgumu usifae.

Ombi la Anselm lilisikilizwa mwaka huo huo. Jaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na Peebles akasimama. Alikumbuka kwamba mwaka 1916, akiwa karakanani, Kettler alisema mkate wa kwao ni mtamu kuliko wa Marekani.

"Ulisema hivyo?" jaji akauliza.

"Nilisema," Anselm alijibu. "Ni mtamu."

Ombi likatupwa. Asirudi mpaka miaka mitano.

Mwaka 1922 Bunge likabadili sheria. Sasa mke angeweza kuomba uraia wake mwenyewe, peke yake. Hakurudishiwa, aliruhusiwa kuomba, kama mtu aliyeshuka melini jana. Masika yaliyofuata Luella akasimama mbele ya jaji pamoja na watu kumi na wawili, Wapolandi wachimba makaa, Mgiriki muuza pipi. Shahidi wake wa kwanza alikuwa Orval.

"Umemfahamu mgeni huyu kwa muda gani?" jaji akasoma kutoka kwenye karatasi.

"Tangu alipozaliwa, Mheshimiwa. Nilikuwa na miaka sita. Nilianguka mtaroni."

Watu wakacheka, jaji naye akacheka. Luella hakucheka. Alinyoosha mkono akaapa kwamba anaukana utii wake wote kwa Ujerumani, nchi ambayo hakuwahi kuiona, ambayo lugha yake alijua maneno ishirini tu, mengi yakiwa ya chakula. Ilibidi akiri kwanza kwamba alikuwa nao, ndipo aukane. Hapo kwenye neno "utii" sauti yake ilikatika, na jaji, akidhani ni furaha, akangoja kwa upole.

Kwenye cheti waliandika urefu, uzito, rangi ya macho, na uraia wa awali: Mjerumani. Alikitia kwenye droo ya vitambaa vya meza, wala hakukitundika.

Toka hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja, hata ule wa kuchagua mkaguzi wa mitaro. Anselm alipata uraia wake mwaka 1927, mvi zimemjaa, na kazi ya matandiko imekufa kwa sababu ya magari. Kati ya Luella na Peebles hapakuwa na ugomvi wala salamu. Watu walidhani mambo yale yamemtoka.

Mwaka 1928 Thea alimleta mchumba wake kwenye chakula cha mchana cha Jumapili. Aliitwa Casper Nowicki, fundi wa magari, kijana mchangamfu mwenye nywele zilizolazwa kwa maji. Luella alikuwa amemwoka kuku. Kijana hajakaa vizuri, hajaulizwa anafanya kazi wapi wala wazazi hawajambo, Luella akasema:

"Umezaliwa wapi?"

"Peoria, mama."

"Una cheti?"

Casper alicheka. Akamtazama Anselm ili wacheke pamoja, na Anselm alikuwa anatazama sahani yake. Akamtazama Thea.

"Mama," Thea alisema, "sheria imebadilika. Siku hizi hata akiwa mgeni, mimi sibadiliki."

"Ilibadilika mwaka gani?"

"Ishirini na mbili."

"Basi inabadilika," Luella alisema. "Mwenzio huyu akilete hicho cheti."

Wakala kuku. Jumapili iliyofuata Casper alikuja na bahasha. Luella aliifungua dirishani penye mwanga, akasoma cheti mbele, akakigeuza akasoma nyuma, ambako hakukuwa na maandishi yoyote. Akapitisha kidole juu ya muhuri. Kisha akamrudishia kijana karatasi yake, akamwambia, "Itunze mahali pakavu," na akaenda jikoni kupakua.